Kitambulisho cha Esta Kimekosa Mwenyewe

Kijiwe cha Soweto, Mbeya, ni benchi moja la mbao mbele ya duka la Taher, na siku Saulo asipokuja na birika lake la kahawa, benchi lile ni ubao tu. Mwaka wa sita huu anawamiminia, anajua nani anataka tangawizi nyingi na nani kamdanganya mkewe kwamba kahawa kaacha. Ana kasoro moja tu: hapokei malipo ya simu. Taslimu, basi. Asubuhi hiyo ya Juni baridi ilikuwa inauma masikio, watu wamejikunyata wakisubiri raundi ya pili, ndipo mjumbe wa mtaa, Liberatus, akatokea na bunda la vitambulisho vya taifa limefungwa kwa mpira.

Mtaani hapo vitambulisho havifuatwi ofisini, watu wana kazi. Mjumbe huvimwaga kijiweni, kila mtu akaokota chake na cha jirani, akacheka picha, akaenda kupeleka. Hakuna aliyewahi kuona ubaya wake.

Saulo alipoliona bunda lile alimwagia mkaa kahawa, ukafuka moshi. Alijua na chake kimo. Miaka sita nyuma, alipohamia, alikwenda kujiandikisha kwa sababu bila namba ya kitambulisho husajili laini ya simu. Alijifunga kitambaa kichwani ili afanane na cheti cha kuzaliwa, maana kule Ilula aliandikwa mtoto wa kike, Esta Mgaya, ingawa tangu anachunga mbuzi alijijua ni mwanaume. Kubadili jina aliambiwa kuna utaratibu wake wa kiapo. Ile sehemu ya jinsi hakuthubutu hata kuuliza. Na alikuwa na sababu ya kuogopa: Iringa mjini, mwenye nyumba alikiona cheti kile sandukuni, na jioni godoro la Saulo lilikuwa barabarani, watu wamemzunguka, wengine wana mawe.

Vitambulisho viliokotwa, vicheko vikaisha, kikabaki kimoja.

— Esta Mgaya, jinsi KE, kazaliwa Ilula, — Liberatus alisoma. — Nani anamjua huyu?

Hakuna aliyemjua. Picha ikapita mkono kwa mkono. Shedrack, fundi pikipiki wanayemwita Injini kwa sababu mdomo wake hauzimi, alisema huyo ni dada wa kazi aliyetoroka na dereva. Walipombishia akapandisha: basi si mtu, ni jina la hewa, kuna mjanja anakopea. Walipocheka akapandisha tena, akasema huyo ni mpelelezi, kapandikizwa Soweto asikilize watu wanasema nini, na pengine muda huu yuko karibu anasikiliza.

Saulo alicheka na wenzake. Kicheko kilimtoka kikavu, akasingizia moshi.

Picha ikamfikia Taher. Mzee yule huvaa miwani kusoma hata risiti ya sukari, na aliitazama picha kwa muda mrefu. Halafu akaiweka benchini kifudifudi.

— Niachie dukani, mjumbe. Mwenyewe atakuja.

Liberatus alikataa. Alisema utaratibu ni utaratibu, kisichopata mwenyewe kinatangazwa. Angekipiga picha, sura na jina, akirushe kwenye grupu la mtaa, watu mia mbili na ushee, atambuliwe.

— Ngoja tu nimalize kikombe hiki.

Katika grupu lile yumo mwenye nyumba wa Saulo. Wamo wanakwaya wenzake, anakoimba besi. Wamo vijana wa ulinzi shirikishi, ambao fimbo zao anazijua. Saulo akakiinamia kikombe cha mjumbe, kilikuwa nusu, akakijaza.

— Ya kwangu hiyo, mjumbe. Baridi kali leo.

Liberatus akashukuru, akanywa. Kikafika nusu, Saulo akakijaza tena. Injini akalalamika kwamba mjumbe anapendelewa, akajaziwa naye. Kila akimimina, Saulo alilipima birika kwa mkono, na kila mara lilikuwa jepesi zaidi. Hakuwa na mpango mwingine. Aliomba tu mjumbe aitwe mahali, ugomvi utokee, mvua inyeshe hata kama ni kiangazi.

Badala yake likasimama lori la mpunga kutoka Ubaruku. Dereva akashuka, akapuliza viganja, akaomba kikombe. Saulo akageuza birika, vikatoka vikombe viwili visivyojaa. Kimoja akampa mgeni, kingine akammiminia mjumbe, na hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Dereva alikunywa haraka, akajipapasa mifukoni.

— Kaka, sina taslimu. Nitajie namba nikurushie.

Injini akamwambia asijisumbue, huyu simu hapokei. Dereva akashangaa, akasema kila mtu siku hizi anapokea, hata wauza nyanya wa Ilula barabarani. Simu akawa keshaishika, kidole kiko tayari, akauliza kama anavyoulizwa kila mtu kila siku:

— Kwani jina linakuja nani?

Kijiwe kizima kikamgeukia Saulo. Si kwa ubaya. Miaka sita wamekunywa kahawa yake na kumbe hakuna aliyewahi kuuliza laini yake imesajiliwa kwa jina gani. Saulo akaliinamia birika tupu.

— Lipia kwangu, — Taher alisema kutoka mlangoni. — Namba iko ukutani. Linakuja Taher Fidahussein.

Dereva akabonyeza, akaaga, lori likaondoka. Simu ya Taher ikalia ndani ya duka kwamba pesa imeingia. Hakuna aliyegeuka. Liberatus alimaliza kikombe, akakiweka benchini pembeni ya kitambulisho, akakigeuza kitambulisho picha juu. Aliitazama ile picha, kisha akamtazama Saulo, na wenzake wote nao walikuwa bado wanamtazama, wakisubiri jina.