Nyumba Ambayo Noreen Hakuirudia

Wasikilizaji wapendwa, mvua ya Innisfail imetufungia ndani tena asubuhi hii. Basi tukae pamoja, tumkumbuke mtu. Noreen Bortoli amefariki. Alifariki Jumanne, hospitalini hapa mjini, binti yake Rosanna akiwa amemshika mkono. Wengi wenu mlimjua. Wengine mlijua jina lake tu, kwa kuwa kesi iliitwa kwa jina hilo.

Kesi ile mnaikumbuka. Wastaafu wa pwani hii waliishtaki kampuni ya ushauri wa fedha. Ilikuwa kesi ya uwakilishi: mmoja anasimama mahakamani, na hukumu anayopata inawahusu wote. Aliyesimama ni Noreen.

Alizaliwa Babinda, mtoto wa karani wa kiwanda cha sukari. Akaolewa na Aldo Bortoli, mkulima wa miwa na mcheza dansi hodari. Aldo alimjengea nyumba ya mbao juu ya nguzo, kwenye kilima kinachotazama mto. Baraza lilizunguka pande tatu. Jumapili baada ya misa lilijaa watu, na Noreen aliwapikia tambi kama alivyofundishwa na mama mkwe. "Na bibi," anasema Rosanna, "aliaga dunia bado analalamika kwamba chumvi haijakolea."

Aldo akatangulia. Kisha kikaja kimbunga. Paa lilishika, lakini mti mkubwa uling'oka ukalala juu ya ngazi, Noreen akakwama ndani peke yake. Aliyekuja kumfungulia njia alikuwa mshauri wa fedha wa kampuni ile hapa mjini, na msumeno wake wa mashine. Alikata mti ule asubuhi hadi jioni. Hakutaka malipo. Kesho yake akaenda kwa jirani, akakata tena.

Mwaka uliofuata alirudi na karatasi. Nyumba hii imekwisha kulipiwa, alisema, imelala tu. Iweke rehani, tununue hisa, ikufanyie kazi. Noreen akatia sahihi. Majirani wakatia sahihi. Soko la hisa likaanguka, na benki ikachukua nyumba. Ilichukua ya Noreen, ikachukua na nyingine nyingi kama hiyo. "Nyumba yetu ilikishinda kimbunga," Rosanna aliniambia, "ikaja kushindwa na kalamu."

Noreen akahamia vyumba viwili nyuma ya duka la dawa. Huko hakukuwa na baraza.

Wakili Fiona Tranter alipokuja kutoka Cairns, aliwakusanya waathirika klabuni, pale wazee wanapochezea matufe ya kubingirisha kwenye nyasi. Alitafuta mmoja wa kusimama kwa niaba ya wote. Akamchagua Noreen.

"Kwa nini mimi?" Noreen aliuliza. "Kuna walioumia kunishinda."

"Kwa sababu yaliyokupata ni ya kawaida, mama. Yanafanana na ya kila mtu humu."

Clarrie Hume, dereva mstaafu wa treni ya miwa, akaangua kicheko. "Noreen! Miaka yote hii unajiona malkia, kumbe wewe ni wa kawaida!"

"Koma wewe. Ulipokuwa unarudia sahani ya tatu kwangu, hukusema ni ya kawaida."

Mahakamani, wakili wa kampuni alimwonyesha sahihi zake. Je, alizisoma zile kurasa? Noreen alisema hapana. Kwa nini? Akajibu hivi, na maneno haya ningependa yasipotee: "Mtu amekata mti ulionizibia mlango. Amekaa jikoni kwangu, anakunywa chai yangu. Nianze kusoma karatasi zake mstari kwa mstari, mbele ya macho yake, kana kwamba ni mwizi? Hapa kwetu hatufanyi hivyo."

Wakili wa kampuni akazikusanya karatasi zake, akaketi.

Haukupita muda, kampuni ikaleta pendekezo. Si kwa kundi. Kwa Noreen peke yake. Wangemrudishia kila kitu, hakimu akiridhia, naye angejitoa kwenye kesi. Na wiki hiyohiyo, wasikilizaji wapendwa, nyumba ya kilimani ilikuwa inauzwa tena. Angeweza kuinunua. Angeweza kurudi.

Wenzake wangebaki. Wangetafuta mwakilishi mwingine, waanze kuhojiwa upya. Na walikuwa wazee. Kila mwaka walizidi kupungua.

Noreen hakuwaficha. Aliwaambia palepale klabuni. Clarrie ndiye aliyejibu kwanza.

"Chukua, dada. Usitutazame sisi. Ningekuwa wewe, saa hizi ningekuwa barazani nimenyoosha miguu."

"Mwongo mkubwa."

"Wallahi ningechukua! Na nisingewaalika!"

Walicheka. Noreen alicheka mpaka akalia. Usiku ule alimwambia Rosanna, "Nikirudi kule, nitakaa na nani? Waliokuwa wakija ni haohao. Watapandaje zile ngazi, nami nimewaacha chini?"

Akakataa. Nyumba ikanunuliwa na familia kutoka Brisbane.

Kesi iliisha baadaye kwa maridhiano, hakimu akayapitisha. Kila mmoja alirudishiwa sehemu ya alichopoteza. Clarrie alilipia kijumba chake kabla hajafa. Sehemu ya Noreen haikutosha kununua nyumba kilimani. Ilitosha vile vyumba viwili tu.

Tusije tukasema aliridhika. Hakuridhika. Kila Jumapili alimwomba Rosanna apunguze mwendo pale kilimani.

"Mama, hawa watu watadhani tunapeleleza tuwaibie."

"Waache wadhani. Tazama, wamepaka kijani. Aldo angezimia."

Siku moja mama mwenye nyumba alitoka akaja mpaka kwenye gari. Alikwisha kuambiwa Noreen ni nani. "Karibu ndani, bibi," alisema, "uketi kidogo."

Noreen alimshika mkono kupitia dirishani. "Asante, mwanangu. Nikiingia, sitatoka." Akamgeukia Rosanna. "Twende."

Rosanna, pole sana. Poleni wajukuu. Poleni nyote mlioshtaki kwa jina lake, ninyi mliobaki. Mungu amlaze Noreen Bortoli mahali pema.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kama kuna karatasi mezani inayongoja sahihi yako, na aliyeileta ni mtu mwema, mwambie asubiri uisome. Mtu mwema atasubiri. Kisha, mkiwa peke yenu, jiulizeni swali moja. Mngepewa nyumba yenu, leo, bila wenzenu, mngechukua? Nimejiuliza wiki nzima. Nataka kuamini kwamba ningekataa. Nataka sana.