Mfuko wa Pampu

Ndani ya basi, seremala alimwonyesha mama muuza vitambaa, jirani yake wa kiti, mfuko mdogo kifuani. "Humu inakaa pampu yangu ya pumu. Mke wangu kaushona kwenye kila shati, hata la kulalia. Mungu ampe maisha marefu!"

Mama akacheka. "La kulalia, kaka? Mimi pia nina pumu, lakini pampu yangu imetulia sandukuni." Sanduku nalo, kwa heshima zote, lilitulia kwenye buti la basi.

Kicheko kikageuka kikohozi, kifua kikaanza kupiga mluzi. Seremala akamnyooshea pampu yake, lakini mama akaisukuma, akaonyesha kwa kidole nyuma kwenye buti: anataka dawa yake mwenyewe. Seremala akampigia dereva kelele. Basi likasimama, sanduku likamwagwa barabarani, heshima zake zote hadharani. Pampu ikaonekana; mama akavuta dawa, akasubiri, akavuta tena. Pumzi ikarudi.

"Asante, kaka yangu. Na huyo wifi yangu, anashonea wapi?"