Wimbo Ambao Corbett Amburgey Alikataa Kuumaliza

Wapendwa waombolezaji, karatasi hii ina habari moja ambayo hakuna hata mmoja wenu atakayeiamini, na nusu yenu mlikuwepo. Imewekwa mwisho, baada ya majina ya waliobaki. Marehemu mwenyewe ndiye aliyeagiza hivyo, maana alijua watu wa kijito hiki wakishasikia majina yao yametajwa huanza kupapasa kofia zao. Ijulikane pia kwamba marehemu alisomewa karatasi yote, isipokuwa habari ya kifo chake, kitandani kwake mwezi uliopita, na aliyeiandika na kumsomea ni shemeji yake, Dewey Sexton, ndiye huyu mnayemwona hapa mbele na suti yake nzuri. Marehemu alipotikisa kichwa, pamefutwa. Alipomkatiza msomaji, pamekatwa papo hapo, na hivyo ndivyo palivyopigwa chapa.

Ndugu Corbett Amburgey alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 4 Machi 1926, katika nyumba ya magogo kwenye chanzo cha kijito cha Laurel Lick, milimani mashariki mwa Kentucky. Alikuwa mtoto wa tano kati ya tisa wa marehemu Mzee Burley Amburgey na marehemu Mama Oma. Mama Oma alikuwa akisema kwamba wenzake wote walizaliwa wakilia, lakini huyu alitoa sauti moja ndefu, akanyamaza, akasikiliza, kama mtu anayetaka kujua dari liko juu kiasi gani.

Alisoma katika shule ya chumba kimoja iliyokuwa pale kijito kinapoingia mtoni, kuanzia mwaka 1933 hadi alipomaliza darasa la sita mwaka 1939. Kusoma alikuwa amekwisha kujifunza nyumbani, katika kile kitabu kidogo cha nyimbo za kanisa, kile kisicho na noti bali maneno matupu. Basi siku mwalimu alipomsimamisha asome hesabu ubaoni, Corbett aliisoma kwa jinsi aliyojua kusoma: akautoa mstari kwa sauti ya kuimba, akanyamaza. Darasa zima likaupokea na kuuvuta, saba mara nane, mpaka farasi wa mwalimu akaanza kukanyagakanyaga nje. Mwalimu hakumchapa. Alisema hajawahi kuisikia saba mara nane ikiwa na huzuni namna ile.

Mwaka 1943, akiwa na miaka kumi na saba, aliingia mgodi wa makaa ya mawe, na hakutoka mpaka daktari alipomtoa mwaka 1972. Miaka ishirini na tisa alifanya kazi amepiga magoti, chini ya dari lisilozidi kiuno cha mtu mzima. Mwenzake wa koleo miaka yote hiyo alikuwa Elzie Slone, na mwaka 1957 mwamba ulipoanguka nyuma yao, walikaa humo saa kumi na nane wakigawana kipande kimoja cha mkate wa mahindi. Elzie anasema marehemu aliimba muda wote ili waokoaji wajue pa kuchimba. Marehemu alisema aliimba ili Elzie aache kuongea.

Tarehe 12 Juni 1948 alifunga ndoa na Dada Delphia Sexton, msichana mzuri kutoka familia yenye watu wa sura nzuri, hasa kaka zake. Alipokwenda kuposa, baba mkwe alimwuliza, "Una nini wewe?"

"Nina kazi mgodini, mzee, na sauti."

"Sauti hailiki."

"Hailiki, mzee, lakini pia haidai chakula."

Walijaliwa watoto watatu na miaka sitini ya ndoa. Dada Delphia anasema waligombana mara mbili tu, na mara zote mbili yeye ndiye aliyekuwa na haki.

Aliokoka mwaka 1950, akabatizwa Jumapili ya pili ya Januari 1951 katika kijito hikihiki. Barafu ilikuwa nene, na Elzie ndiye aliyeivunja kwa shoka. Baadaye mwaka huo kanisa la Wabaptisti wa Desturi ya Zamani la Laurel Lick lilimpa kazi ya kuanzisha nyimbo, na hiyo ndiyo kazi aliyoipenda kuliko zote. Hakuwa mhubiri wala hakutaka. Alisema wahubiri wako wengi, lakini mtu wa kutoa mstari na kuwangojea wenzake waupokee bila kuwaharakisha, huyo hapatikani kirahisi.

Vumbi la mgodini lilimkaa kifuani tangu akiwa na miaka arobaini na kitu, na miaka sita ya mwisho alitembea na mtungi wa oksijeni aliouita "mzee wa kanisa", kwa sababu ulimfuata kila mahali na haukumruhusu kukimbia. Mwezi Novemba mwaka jana alilazwa hospitalini mjini, akaomba arudishwe nyumbani. Jumapili ya mwisho ya Januari kanisa lilihamia chumbani kwake, watu wakasimama mpaka ngazini, naye akatoa mistari miwili. Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 3 Februari 2009, saa moja asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, Dada Delphia. Watoto watatu, Arvel, Icie na Wilma. Wajukuu kumi na mmoja na vitukuu sita. Dada yake Verna. Shemeji yake Dewey Sexton. Mwenzake wa mgodini Elzie Slone, atakayeanzisha wimbo kaburini. Na kanisa zima la Laurel Lick. Bwana amlaze mahali pasipo na vumbi, ampe pumzi yake yote.

Sasa rudisheni kofia magotini. Ile habari ndiyo hii.

Mwezi Aprili 1965 Elzie Slone na Dewey Sexton walibadilishana vitu. Dewey alitoa bunduki ya mitutu miwili aliyoachiwa na baba yake. Elzie alitoa mbwa jike wa kuwindia mbweha, jina lake Belle, mwenye masikio marefu ya kupendeza. Masikio yale yalikuwa pambo tu. Siku ya kwanza ya mawindo Dewey alipuliza pembe ya kuitia mbwa mpaka midomo ikavimba, na Belle aliendelea kunusa majani hatua kumi mbele yake.

"Elzie, umenipa mbwa kiziwi!"

"Kwangu alikuwa anasikia, bwana. Labda kwako hapendi anachosikia."

Hawakusemezana tena miaka tisa.

Ninyi mnajua desturi yetu. Wimbo ukiimbwa, watu huinuka na kupeana mikono, kila mtu na kila mtu, na mwanzishaji haushushi wimbo, yaani haumalizi, mikono ikiwa bado inatembea. Wawili hawa wakawa mabingwa wa kukwepana. Dewey alikaa benchi la mbele kabisa upande wa wanaume, Elzie la mwisho mlangoni, na kila wimbo ulipoanza Dewey aliinama kufunga kamba za viatu. Alizifunga miaka tisa, na viatu vyenyewe havikuwa na kamba. Wakati wa meza ya Bwana na kutawadhana miguu, wote wawili walikuwa na mafua.

Jambo la watu wawili halikai kwa watu wawili. Ukoo wa Sexton ukahamia mabenchi ya mbele, ukoo wa Slone mabenchi ya nyuma. Mbele walipouvuta mstari, nyuma waliuacha mapema. Marehemu alirudi nyumbani Jumapili baada ya Jumapili akimwambia mkewe, "Delphia, wimbo una mshono katikati. Siwezi kuufuma peke yangu."

Jumamosi tarehe 19 Oktoba 1974, kwenye kikao cha kanisa, watu kumi na saba kati ya thelathini na wanne waliomba barua za kuhama, wakaanzishe kanisa lao ng'ambo ya mlima. Msimamizi wetu, Ndugu Ishmael Caudill, aliwasihi, akachoka. Akasema, "Barua zitaandikwa. Mtapewa kesho, wimbo wa mwisho ukishashuka." Marehemu alikuwepo.

Kesho yake wakahubiri wahubiri watatu, na wote watatu walilia. Barua kumi na saba zilikuwa ndani ya Biblia ya Ndugu Ishmael, zimeifanya ivimbe. Akamwashiria Corbett. Corbett akasimama, akachagua wimbo wa kuagana wenye beti saba, ule wa polepole kuliko nyimbo zetu zote, akautoa mstari wa kwanza. Watu wakaupokea wakatembea, wakipeana mikono na kukumbatiana, akina mama wakilowesha mabega ya wenzao, maana walijua wanaimba pamoja kwa mara ya mwisho. Dewey akainama kwenye viatu vyake. Elzie akatazama nje mlangoni.

Ubeti wa saba ukaisha. Watu wakavuta pumzi wakae. Corbett akautoa tena mstari wa kwanza.

Walidhani amesahau. Wakaupokea, utafanyaje? Beti saba zikaisha mara ya pili. Ndugu Ishmael akakohoa. Corbett akafumba macho, akautoa mstari wa kwanza.

Beti zikazunguka mara ya tatu. Mikono ilikuwa imepeanwa mpaka watu wanaanza kupeana na waliokwisha kupeana nao. Dada Zella, aliyekuwa na wageni kumi na wanne wa chakula cha mchana, hakuvumilia. "Ndugu Corbett," akasema kwa sauti, "kuku wangu wako kwenye oveni!"

Corbett hakufumbua macho. Akamjibu bila kuuacha wimbo, kwa sauti ileile ya kutoa mstari: "Waache waive, Dada Zella."

Na kanisa, kwa mazoea ya miaka mia moja, likaupokea. Walikwisha kuuvuta mpaka katikati, waache waiiive, mbele na nyuma, ndipo wakatambua wanachoimba. Hawakuweza kukatisha. Mstari ukishatolewa hauachwi hewani. Wakaumaliza, Dada Zella naye akiimba, machozi na kicheko kwa pamoja.

Hapo ndipo marehemu alipofumbua macho. Alikuwa amesikia kitu. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi mstari ule haukuwa na mshono. Akavuta pumzi, akautoa mwingine usiomo katika kitabu chochote: "Bado mikono miwili."

Watu thelathini na watatu wakauimba. Bado mikono miwili. Dewey Sexton aliuimba, mstari ni mstari. Na kutoka mlangoni ilisikika sauti nzito ya Elzie Slone ikiuvuta mpaka mwisho.

Akautoa tena. Wakauimba tena. Lakini kifua kile kilikuwa miaka miwili tu kutoka mgodini, na wimbo ulikuwa unakaribia saa nzima. Midomo ya Corbett ilianza kugeuka rangi ya bluu. Akashika meza ya wahubiri kwa mkono mmoja. Ndugu Ishmael akamwambia kwa sauti ya chini, "Ushushe, ndugu yangu. Ushushe, utakufa." Corbett akatikisa kichwa. Akautoa mara ya tatu, na safari hii ulikuwa pumzi tupu, lakini hata pumzi ile waliipokea.

Dada Delphia alikuwa upande wa wanawake, mahali alipokaa kila Jumapili ya maisha yake. Akatoka pale, akavuka katikati ya kanisa hadi upande wa wanaume, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kulifanya wimbo ukiwa hewani, akasimama mbele ya kaka yake aliyeinama.

"Dewey."

"Nafunga viatu, dada."

"Mume wangu anafia pale mbele kwa ajili ya mbwa kiziwi."

"Si mbwa tu, dada, ni bunduki ya baba—"

"Baba angekuwepo angekupiga nayo. Mtazame Corbett. Mtazame usoni, kisha uniambie ile bunduki ina uzito gani."

Dewey akatazama. Kanisa lote lilikuwa linaimba na kulia, na pale mbele mtu aliyeolewa na dada yake, yaani aliyemwoa, samahani, machozi yanaharibu maandishi, alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili akijaza kifua kwa ajili ya mstari wa nne. Ndipo Dewey Sexton, bila kusukumwa wala kuvutwa na mtu yeyote, aliposimama wima, akafunga vifungo vya koti, na, kama shujaa ambaye kijito hiki hakijapata kumzaa tena, akapiga hatua ya kwanza yeye mwenyewe kuelekea mlangoni kwa Elzie, mkono mbele, huku kanisa zima liki—

"Dewey," alisema marehemu kutoka kwenye mto wa kitandani. "Futa hapo. Ulikuwa umekaa, bwana, mkono ulikufuata hapohapo. Mwache Elzie atembee."