Marehemu Jovitus Rwechungura na Mita Elfu Moja Alizokimbia

Kabla ya kueleza alikozaliwa, familia inaomba kuweka sawa jambo moja. Marehemu Jovitus Rwechungura hakufa akikimbizwa na polisi wa Guangzhou. Alifia hospitalini, kitandani, daktari akiwa pembeni yake, na alikuwa na kibali halali cha kuishi China pamoja na kadi ya mwanafunzi. Video inayozunguka kwenye simu zenu ni ya kweli, na anayekimbia ni yeye. Maneno yaliyoandikwa chini yake ndiyo ya uongo, na yatasahihishwa hapa kwa utaratibu. Shahada yake nayo haikununuliwa. Cheti kipo mezani, karibu na kitabu cha rambirambi. Anayetaka kukishika anawe mikono kwanza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 Kamachumu, wilayani Muleba, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Bartholomeo na Mama Adventina Rwechungura. Mama yake anakumbuka kwamba alichelewa kutembea, na hata alipoanza hakuwa na haraka.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Kamachumu kuanzia 1982 hadi 1988, kisha akamaliza kidato cha nne Bukoba mwaka 1992. Kiingereza alifaulu vizuri sana. Matokeo yake ya hisabati familia haioni sababu ya kuyasoma leo.

Mwaka 1994 alihamia Mwanza na kuanza kuuza mashati mtaa wa Makoroboi, kwanza chini, baadaye mezani, na kuanzia 1999 dukani. Safari yake ya kwanza Guangzhou ilikuwa Mei 2008. Kwa miaka kumi na miwili alipanda na kushuka ngazi za majengo ya nguo ya mtaa wa Guangyuan Xilu, akajulikana na wenye vibanda kama mtu anayeaga mara tatu kabla ya kununua.

Tarehe 21 Julai 2001 alifunga ndoa jijini Mwanza na Mwalimu Anastazia, ambaye wakati huo alikuwa tayari na shahada ya ualimu. Siku ya kujitambulisha ukweni, baba mkwe wake, Mwalimu Mkuu Jonas Kaijage, alimuuliza, “Kijana, una shahada gani?”

“Nina duka, baba.”

“Sijauliza duka.”

Mahari ilipokelewa, lakini kwa miaka ishirini Mwalimu Mkuu alimtambulisha marehemu kwa wageni wake kwa kusema, “Huyu ndiye anayetuletea mashati.” Marehemu hakulalamika. Alileta mashati. Mwalimu Mkuu yupo hapa leo, mstari wa mbele, na ameomba sehemu hii isisomwe.

Mwaka 2020 mipaka ilifungwa marehemu akiwa Guangzhou, kwenye chumba cha hoteli ndogo ya Xiaobei, mtaa wanakofikia Waafrika. Maduka yalifungwa, ndege zikakoma, kibali chake kikakaribia kuisha. Septemba 2021 alijiandikisha chuo kikuu kimoja cha jiji hilo kusomea shahada ya Usimamizi wa Biashara na Teknolojia, inayofundishwa kwa Kiingereza. Wanaosema alijiandikisha kwa ajili ya kibali wanasema kweli. Watu wameoa kwa sababu dhaifu kuliko hiyo na ndoa zikadumu.

Alikuwa na miaka arobaini na saba. Wenzake darasani walikuwa na kumi na tisa. Msichana mmoja Mkenya, Chebet, alimwamkia “shikamoo” siku ya kwanza akidhani ndiye mhadhiri, na marehemu akaitikia “marahaba” bila kumsahihisha mpaka mhadhiri mwenyewe alipoingia. Chebet ndiye aliyemfundisha kuandika programu za kompyuta. Marehemu naye alimfundisha kununua viatu.

Katika somo la majadiliano ya bei, mhadhiri alijifanya muuzaji na kumtajia bei. Marehemu alisema, “Ghali, bosi,” akachukua mkoba na kutoka nje, kama inavyofanywa Guangyuan Xilu, akingoja kuitwa arudi. Hakuitwa. Alisimama kwenye korido dakika kumi na mbili. Baadaye aliandika kurasa sita kueleza alichokuwa akifanya, na zikapata alama ya juu kuliko zote. Kazi yake ya mwisho ilikuwa programu ya kupanga mizigo ndani ya kontena. Inatumika mpaka leo na wasafirishaji wawili wa Xiaobei, akiwemo Bwana Yohane, ambaye habari zake zinafuata.

Chuo hicho kilimtaka kila mwanafunzi wa kiume akimbie mita elfu moja kwa dakika nne na nusu. Novemba 2024 marehemu alikimbia kwa dakika nane, pamoja na kusimama. Machi 2025 akaanza mazoezi asubuhi kwenye mitaa ya Xiaobei. Sasa, katika mtaa ule, mtu wetu akionekana anakimbia, watu hawaulizi kwa nini; wanajua polisi wanakagua vibali. Bwana Yohane alikuwa akifunga mizigo nje ya ofisi yake.

“Jovi, wako wapi?” aliuliza.

Marehemu hakuwa na pumzi ya kujibu. Alinyoosha mkono nyuma, kuonyesha alikotoka. Yohane aliacha mizigo, akakimbia. Fundi cherehani Mkongo akamfuata, kisha wanawake wawili wa Mombasa na furushi lao, kisha watu ambao mpaka leo hawajajulikana. Walifika kituo cha metro wakiwa kumi na mmoja. Polisi wawili waliokuwa pale waliwatazama, wakaendelea na chai yao.

“Wewe kibali unacho,” Yohane alisema alipopata sauti. “Unakimbia nini?”

“Shahada.”

“Siku hizi na hiyo wanaikamata?”

Aliyepiga video kutoka dirishani alisambaza mbio. Mazungumzo hakuyasambaza.

Ugonjwa. Januari 2025, kabla ya mazoezi hayo, daktari aliona kwamba moyo wa marehemu ulikuwa umetanuka. Alimwandikia barua ya kumwondoa kwenye mbio. Chuo kiliikubali, kikaeleza kwamba angepewa shahada yake bila shida, ila kwenye matokeo, mbele ya somo hilo, pangeandikwa “amesamehewa”. Marehemu alimpigia simu mkewe, akamsomea barua yote, halafu akamuuliza, “Mwalimu, unasemaje?” Mkewe alimjibu.

Ijumaa tarehe 16 Mei 2025, Chebet akikimbia pembeni yake na kumhesabia, alimaliza kwa dakika nne na sekunde ishirini na sita. Alikabidhiwa shahada mwezi Juni. Picha yake akiwa na joho ilitumwa kwa baba mkwe siku hiyo hiyo, na Mwalimu Mkuu akajibu kwa neno moja: “Mwenzangu.” Marehemu aliwaonyesha wauguzi neno hilo alipolazwa mwezi Septemba. Alifariki Jumanne tarehe 23, saa tisa alasiri. Daktari ameandika kwamba mbio hazikumuua. Ameandika pia kwamba hazikumsaidia.

Ameacha mama mzazi, mjane, watoto watatu, Agape, Calvin na Blessing, na ndugu watano. Familia inawashukuru Watanzania na Wakenya wa Guangzhou waliomsindikiza mpaka uwanja wa ndege wa Baiyun. Mungu ampokee msomi wetu na ampe utulivu.

Wengi wameuliza mkewe alijibu nini kwenye simu ile. Ilikuwa sentensi moja. Haimo katika wasifu huu, haitatolewa wakati wa chakula, na mashangazi wasimtume mtu kuiuliza. Aliyeulizwa ni mke, aliyejibiwa ni mume, na mmoja wao anazikwa leo.