Froilán Callisaya, Aliyetuficha Uso

Ndugu waombolezaji, majirani wa Villa Adela, nanyi vijana mliosimama kule getini na nyuso zenu mmezifunika, mimi ni Primitiva, dada mkubwa wa marehemu, na karatasi ya wasifu niliyopewa na familia nimeiacha nyumbani, kwa sababu ina uongo.

Ndugu yetu Froilán Callisaya Tarqui alizaliwa tarehe 14 Agosti 1996, kijijini karibu na Achacachi, mtoto wa nne na wa mwisho wa mzee Zenón na mama Saturnina, akahamia nasi hapa El Alto mwaka 2003, akasoma papa hapa mtaani hadi 2014, na mwaka uliofuata akaanza sheria chuo kikuu, kule La Paz.

Kuhusu kazi, karatasi ile ilisema karani wa mahakama, na ndivyo tulivyoamini kwa miaka sita, kwani alitoka asubuhi na shati limepigwa pasi, akarudi jioni na mkate, kumbe chuo alikiacha 2017 baba alipofariki, akawa anapiga viatu kiwi katikati ya jiji, amevaa kofia ya sufu ya kufunika uso kama wenzake wote wa kazi hiyo, ili jirani akipita asimjue, na yule kijana aliyeimba kwa kufokafoka, kwa Kihispania, amesimama juu ya sanduku la kiwi, akiwasema wakubwa kwa maji yasiyofika mitaani kwetu, ambaye mistari yake hata ninyi mnaiimba kwenye maandamano, "Kiatu chako kinang'aa, jitazame uso, wangu nimeuficha, aibu ni yako," alikuwa yeye.

Alikuja mara moja kwenye kibanda changu cha supu na kofia yake, nikamwambia, "Toka hapa, mvuta gundi wewe, unanifukuzia wateja," akalipa, akanywa amesimama, akasema, "Supu tamu, mama, ila chumvi umezidisha," na duniani ni mtu mmoja tu aliyewahi kuniambia hivyo, mdogo wangu huyu, nami bado sikumtambua.

Alifunga ndoa na Yhoselin Poma tarehe 8 Februari 2020, wakajaliwa binti, Nayra, mwenye miaka miwili. Yhoselin alijua yote, ila aliapishwa asiseme.

Hakuugua. Ijumaa, tarehe 9 Juni 2023, saa tano asubuhi, alianguka akiimba, katikati ya mstari, watu wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya wimbo, wenzake wakambeba hadi hospitali, madaktari wakasema mshipa wa kichwa umepasuka, na nilipoitwa kumtambua, kofia ile ikavutwa mbele ya macho yangu. Mpaka sasa akili yangu imebaki palepale.

Jana mama alinishika mkono, akasema, "Primi, soma karani, tutachekwa." Nisamehe, mama, nikisoma karani tutakuwa tumemzika mtu mwingine.

Tunawashukuru madaktari waliohangaika naye, majirani mliopika, na ninyi wapiga kiwi mliombeba mabegani. Ingieni basi, viti vya mbele ni vyenu, kofia mkitaka vueni, mkitaka bakini nazo, hapa hakuna wa kuwafukuza, na supu ipo, chumvi nimepunguza.

Froilán, mdogo wangu, pumzika kwa amani, uso wazi.