Ngamia Walimaliza Ndengu za Ndululu

Benchi letu hapa Kyuso liko mbele ya duka la Muktar, tunayemwita Dizeli: huchelewa kuwaka, lakini akiwaka hazimiki. Leo asubuhi ngamia walikuwa wamemaliza ndengu shambani kwa mzee Ndululu, na vijana wa kwao wamejazana sokoni wakingoja neno lake tu, wakafukuze wafugaji. Huko chuoni huwa nawaka mtu akisema ati hizi jamii, ya wakulima na ya wafugaji, zimechukiana tangu zamani, kama kwamba chuki ni ugonjwa wa kurithi. Angemwona Ndululu! Hakwenda kwa vijana. Alikuja kunywa kahawa ya Muktar, mtoto wa wafugaji, kama kawaida.

— Dizeli, ngamia zenu zimenimaliza.

— Zetu na nani? Mimi niko na lori, mzee. Hata mbuzi sina.

— Hiyo ni siasa, akaamua Musembi, mwenzetu wa benchi, tunayemwita Satelaiti. Uchaguzi ukikaribia, ngamia husikia njaa.

— Si uchaguzi ulipita? nikamuuliza.

— Wanajiandalia ule mwingine.

— Wacha zako, Ndululu akasema. Ni mpaka. Mzungu aliuchora akiwa amelewa.

— Na ngamia walionyeshwa hiyo ramani?

— Ngamia ana kinyongo! Satelaiti akapaa. Babu ya Ndululu alitukana mmoja, na mpaka leo wanaambiana.

— Huyo alikuwa wa babu yangu, Muktar akasema. Tulimkataza kusahau.

Ndululu akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Mtu amepoteza msimu mzima, na bado anacheka na jirani! Nani hualika watu kama hawa kwenye semina za amani?

Hapo akafika Abdiya, mpwa wa Muktar, vumbi hadi magotini.

— Hamjambo wazee. Mjomba, ngamia zetu ziko hapo nyuma, zina kiu. Mimi ni mgeni huku. Zipitie wapi zifike mtoni bila kukanyaga shamba la mtu?

Njia ya mifugo ya kwenda mtoni ilikuwepo, kila mtu anaijua. Ndululu amepanda ndengu juu yake. Satelaiti ameweka ploti yake ya nyumba. Duka la Muktar limekaa katikati yake, na sisi na benchi letu. Mimi, bingwa wa midahalo, nikatazama viatu vyangu.

Ndululu akaweka kikombe chini.

— Wavinya, akaniambia, nenda uambie wale vijana warudi nyumbani.

Halafu akamgeukia Muktar, polepole:

— Ile njia, tuanze kubomoa kwako, ama kwangu?