Mwinjilisti wa Kigugumizi

Kwenye Noah ya abiria ya kwenda Tunduma, nilimsikia mzee wa kanisa kutoka Isansa akimweleza mama mfugaji wa Ivuna habari za usharika wake. Hawakuwa wakijuana, wala hakuulizwa, lakini wazee wa kanisa huwa hawangoji kuulizwa.

"Mwinjilisti wetu Deus tulimwondoa," alisema. "Kigugumizi, mama! Sala ya kufungua tu, watoto wanasinzia. Tukasema huyu hana wito."

"Na huyu mpya?"

"Anahubiri mpaka mabati yanatikisika." Mzee akatazama nje, kwenye mibuni. "Ila mke wangu anaumwa tangu tuvune kahawa, na huyu mpya hajaja hata kumwombea. Deus angekuja kwa miguu."

Yule mama akageuka. "Deus wa kigugumizi? Mbona ndiye mwinjilisti wetu sasa! Anatufuata mpaka kwenye kambi za ng'ombe."

"Na akikwama katikati ya neno?"

"Tunamsubiri, baba. Kwani tunakimbilia wapi?"

"Lakini mhubiri lazima aseme," mzee alijibu, kwa sauti isiyoweza kutikisa bati lolote.

Noah ikaingia stendi. Mama akachukua mzigo wake. "Nimsalimie?"

"Mwambie..." Mzee akaanza upya. "Mwambie mimi, mzee Lusubilo... mwambie..."

Konda akapiga kelele kwamba ni mwisho wa gari. Sote tukashuka. Yule mama alibaki mlangoni, mzigo kichwani, anamsubiri.